Samli ya Mwezi wa Kumi

Mlandege, Iringa
11 Machi 1973

Shemeji Bujiku,

Salamu atakupa Jailos kwa mdomo, maana lori lake litapita Igawa kesho kutwa na yeye anajua kusalimia kuliko mimi. Mimi nina jambo.

Jumapili tulimwombea kaka yako Nkuba misa ya kutimiza mwaka tangu afariki. Baada ya misa kaka yangu mkubwa, Marcelino, alikuja hapa, akakaa kwenye kiti cha Nkuba, akala kuku wangu akamaliza, halafu akaniambia nifunge mizigo nihamie kwake Tosamaganga. Anasema mjane asiye na mtoto wala mshahara, tena mwenye magoti ya kuvimba kama mimi, hawezi kukaa peke yake mjini. Mke wake amejifungua tena, kwa hiyo najua ninachoitiwa. Nikamwambia nina ng'ombe wa mume wangu huko Usangu. Alicheka mpaka chai ikampalia. "Ng'ombe gani hao, Kalista, ambao hujawahi hata kuwafukuza shambani?"

Tulibishana mpaka tukapatana. Nikifika Krismasi ya mwaka kesho sijamwomba hata kibaba cha unga, nyumba hii ni yangu na hatanisumbua tena. Nikiomba, nahamia jikoni kwake. Shemeji, sitaki kuhama. Kuta hizi nilizikandika mimi na Nkuba, yeye akikanyaga udongo akiwa bado na nguo za safari, na kila asubuhi nikiamka naona alama ya kiganja chake juu ya dirisha.

Sasa nisaidie kufikiri. Jirani yangu Bartholomeo anayefanya biashara ya maharage anasema niuze ng'ombe wote, pesa nimpe yeye aizungushe, na kila mwisho wa mwezi ataniletea changu mkononi. Mimi sitaki kula ng'ombe. Nataka kula wanachotoa, wao wabaki. Lakini debe moja la samli kwa mvua nzima halinifikishi Krismasi. Je, hawawezi kutoa zaidi?

Wako,
Kalista

*

Igawa
2 Aprili 1973

Shemeji yangu mpendwa,

Kuuza? Nilipofika kwenye neno hilo niliiweka barua chini nikaenda kuchunga. Nimerudi jioni ndiyo nikaendelea kusoma.

Sikiliza, maana kaka alikuwa hakuelezi, alidhani nyinyi watu wa mahindi hamtaelewa. Kila mshahara wa udereva uliobaki aliununulia ng'ombe, na hakuwaweka pamoja. Wengine wako kwangu hapa Igawa. Wengine wako kwa Limbu ng'ambo ya mto. Wengine kwa Sedekia karibu na milima. Ndivyo tunavyofanya sisi tangu Shinyanga. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mazizi mengine yamepona. Nyasi zikikauka huku, kule zipo. Anayekutunzia ng'ombe anakunywa maziwa, na wewe anakupa samli kidogo. Ndama ni wako. Ng'ombe akifa, anakuletea ngozi uione kwa macho yako. Mtu asiyeleta ngozi amekula au ameuza, na hatapewa ng'ombe tena na yeyote.

Hujaletewa ngozi. Basi wote wazima.

Debe lako ni dogo kwa sababu Limbu na Sedekia nao wanakunywa. Lakini nimekusikia. Nitaangalia la kufanya. Huyo Marcelino asikukaribie kabisa.

Hujui pia kwamba yupo ng'ombe anaitwa Kalista. Mwekundu, ana baka jeupe shingoni kama amefunga leso. Kaka alimpa jina hilo kwa sababu ana shingo ndefu na hapendi kuamrishwa.

Mimi shemeji yako,
Bujiku

*

Mlandege
17 Juni 1973

Roza wangu,

Nimefika salama kutoka Mafinga, ila nguo zote zinanuka msonobari mpaka padri ameniuliza kama nimeanza useremala.

Nimelala nikiyafikiria yale uliyonionyesha na asubuhi bado nayataka. Chukua hizo shilingi nilizompa mumeo kama kishika nafasi, niandikeni hisa yangu kwenye kikundi chenu cha wapasua mbao. Ni kidogo. Ni pesa ya samli aliyoniletea shemeji mwezi wa tano. Nimeuza debe, nimenunua unga na mafuta ya taa, iliyobaki ndiyo hiyo.

Bartholomeo amekuja tena. Anamlipa Juliana wa duka la chumvi kila mwisho wa mwezi, sawasawa, mvua au jua, na ni karibu mara tatu ya gawio lenu. Nikamwuliza, maharage yanavunwa mwezi wa sita, hiyo faida ya mwezi wa pili ilitoka wapi? Akacheka, akaniambia mama usichimbe sana, wewe pokea tu. Nikaona bora nyinyi. Mnalipa mara mbili kwa mwaka, hamlipi kabla hamjatenga pesa ya misumeno, na mwaka ule mvua ilipoharibu barabara mlisema wazi kwamba hakuna kitu. Mumeo alinipeleka mpaka kwenye shimo la kupasulia nikaona vumbi la mbao kwa macho yangu, nikajua gawio linatoka pale.

Lakini Roza, Jailos asijue. Akijua yeye, Igawa yote imejua. Shemeji yangu ataona nimewadharau ng'ombe wa kaka yake, na kwa watu wale ni kama kumtukana marehemu.

Wako wa toka shule ya masista,
Kalista

*

Igawa
9 Septemba 1973

Shemeji,

Nimeangalia, nimepata la kufanya.

Nimewachukua ng'ombe wa kaka wote kutoka kwa Limbu na kutoka kwa Sedekia. Sasa wako hapa kwangu, zizi moja. Mimi na mke wangu Ng'washi tunakunywa ya ng'ombe wetu. Maziwa yote ya wako yanakwenda kwenye kibuyu cha kusukia na samli yote ni yako. Hakuna tena Limbu wa kunywa katikati.

Limbu amenuna. Alisema mambo marefu. Nikamwambia ana watoto tisa wanaojua kukamua, mjane wa kaka yangu hana hata mmoja.

Mvua zikianza utaona. Tafuta madebe.

Bujiku

*

Mlandege
30 Desemba 1973

Shemeji Bujiku,

Madebe mawili kwa mkupuo! Jailos aliyashusha mlangoni mchana kweupe, tena nilimwomba ayashushe taratibu ili mtaa wote waone. Marcelino alikuwa amekuja kunisalimia sikukuu. Aliyazunguka, akafungua moja, akachovya kidole, akanyamaza. Toka utoto sijamwona kaka yangu akinyamaza.

Nilikuombea kanisani, wewe Mpentekoste wa ng'ombe. Usiku niliketi nikajipigia hesabu, nikiendelea hivi naweza hata kuezeka chumba cha uani nikampangisha mtu.

Ila sema, Limbu bado amenuna? Sipendi mtu anune kwa sababu yangu. Mpelekee kitu kutoka kwangu, hata sukari.

Nikumbushie na yule mwenye shingo ndefu. Mwambie mwenzake anamsalimia.

Kalista

*

Igawa
24 Machi 1974

Shemeji,

Pokea pesa kutoka kwa Jailos. Samli hii niliuza hapa hapa barabarani, bei ilikuwa nzuri.

Huku jua kali. Mbuga inapasuka. Serikali inatuhamisha pia kwenda kwenye kijiji kipya, kila mtu anabomoa nyumba.

Limbu hajambo.

Sina mengi.

Bujiku

*

Mlandege
19 Mei 1974

Shemeji Bujiku,

Nimepokea pesa ya Machi na hii ya mwezi huu. Asante, ila barua zako zimekonda kuliko ng'ombe wa kiangazi. Zamani ulinijazia ukurasa kunisimulia ndama mmoja tu. Sasa mistari minne, umemaliza. Nimekukosea? Ng'washi mzima?

Hapa tunakula mahindi ya manjano ya serikali na tunajifanya ni matamu. Watu wengi wameuza vitu vyao. Mimi sijauza kitu, kwa sababu yako. Mtaani wananiita Mama Samli, na mimi nageuka nikiitwa. Marcelino naye aliomba nimkopeshe! Nilimpa kidogo, nikafurahi siku nzima, Mungu anisamehe.

Nieleze habari za Kalista mwenzangu. Amezaa?

Kalista mwenyewe

*

Igawa
7 Julai 1974

Shemeji,

Hukunikosea kitu. Ni kazi tu. Ng'washi mzima, anakusalimia.

Kalista amezaa. Jike. Lina baka kama la mama yake.

Pesa ni hiyo, debe litakuja.

Bujiku

*

Mlandege
20 Oktoba 1974

Shemeji Bujiku,

Leo nina maneno, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaenda kuchunga.

Bartholomeo amekimbia. Aliondoka na familia yake usiku, mlango ameuacha wazi. Hapakuwa na maharage wala stoo. Pesa aliyokuwa akimpa Juliana kila mwezi ilikuwa ya Verediana aliyeweka yake baadaye, na aliyompa Verediana ilikuwa ya mtu mwingine aliyeingia baada yake. Walipoacha kuingia wapya, ikaisha. Jana Juliana alishinda barazani kwangu, akilia. Nilimwuliza kama aliwahi kumwuliza Bartholomeo pesa inatoka wapi. Akasema aliogopa kuuliza, maana ilikuwa inakuja vizuri.

Usiku neno lile lilinirudia mimi. Debe uliloniletea wiki hii liko hapa mezani. Juliana kwao ni Ilula na kwao wana ng'ombe. Alipoliona alifuta machozi akaniuliza limetoka wapi. Anasema mwezi wa kumi, na jua kama la mwaka huu, ng'ombe wa kwao hawatoi hata tone la kumtilia mtoto chai. Kila mahali ni hivyo hivyo. Wako wanakula nini, shemeji?

Nimerudi kuzisoma barua zako zote. Mwaka wa kwanza ulinipa kidogo mvua zikiwa kidogo, na kingi zikiwa nyingi. Tangu Machi unaniletea kilekile, sawasawa, mvua au jua. Sisemi unaniibia. Mwizi hatoi, anachukua. Ndiyo maana silali.

Marcelino anakuja Krismasi. Nimebakiza miezi miwili tu. Pengine ningenyamaza nikapokea, nikapata nyumba yangu, nikakuuliza mwakani. Nimeona aibu kwa wazo hilo. Niambie.

Kalista

*

Igawa
16 Novemba 1974

Dada Kalista,

Mimi Ng'washi. Barua hii naiandika mwenyewe, mwalimu wa elimu ya watu wazima ananisahihisha. Nimejifunza kuandika mwaka huu.

Bujiku alisoma barua yako akaificha. Hakujibu. Nimeona hatajibu.

Nakutumia mzigo kwa Jailos. Fungua ukiwa peke yako. Wewe ni mke wa watu wa ng'ombe, unajua maana yake. Nilizitunza zote darini, zisiliwe na mbwa. Nimekutumia moja kwa sababu lori limejaa.

Homa ya mapafu iliingia mwezi wa pili. Ilianza kwa mmoja, walikuwa wamelala pamoja wote. Wa kwa Limbu hawakuugua. Wako na wetu, kufikia Pasaka walikuwa wameisha wote.

Kwanza aliuza baiskeli ili akutumie pesa. Halafu akauza mpunga tuliokuwa tumehifadhi. Sasa anakwenda shamba kubwa la mpunga, anachimba mifereji kwa kibarua. Bujiku mwenye ng'ombe anachimba mifereji. Mwezi uliopita alikwenda mpaka Mbeya kutafuta debe la samli la kununua, huku halikupatikana.

Usimwambie nimekuandikia. Au mwambie. Nimechoka.

Ng'washi

*

Mlandege
1 Desemba 1974

Bujiku,

Ngozi imefika. Nyekundu, ina baka jeupe shingoni.

Nimeitandika sakafuni nikaketi juu yake, nikalia kama sikumlilia Nkuba vizuri mara ya kwanza. Halafu nikakasirika. Uliniambia amezaa. Jike, lenye baka! Ulikaa chini, ukashika kalamu, ukaniandikia ndama ambaye hayupo, mimi nikamsimulia mtaa mzima.

Usinitumie kitu tena. Hata senti. Jailos nimemkataza kupokea mzigo wako wowote. Ukituma nitaurudisha, na ukiurudisha nitautupa katika mto Ruaha.

Nataka jibu la jambo moja tu. Kwa nini hukuleta ngozi?

Kalista

*

Igawa
14 Desemba 1974

Shemeji,

Unauliza kwa nini.

Wa kwanza alipokufa nilichuna ngozi, nikaikausha, nikaikunja. Nilitaka kuja nayo Iringa mwenyewe, ndivyo inavyotakiwa. Nilifika barabarani. Nikakaa pale kwa wauza vitunguu nikingoja lori. Nikafikiri, nikimpa ngozi atauliza wengine wako wapi. Nitasema wako zizi lilelile. Atauliza kwa nini wako zizi moja, wakati kaka aliwagawa. Lori likaja, likaondoka. Mimi nikarudi nyumbani na ngozi.

Kaka aliwagawa. Mimi niliwakusanya. Nilitaka debe kubwa, nilitaka Marcelino achovye kidole. Limbu aliniambia. Aliniambia hivi hivi, mbele ya watu, Bujiku unawalaza pamoja kwa tamaa ya samli. Ng'ombe wake ni wazima mpaka leo, anapita nao mbele ya nyumba yangu.

Ukisema mimi mwongo ni kweli. Lakini pesa haikuwa ya uongo. Niliichimba.

Krismasi imekaribia na umenikataza kutuma. Sasa utahamia kwa kaka yako na ni mimi nimekuhamisha. Hilo ndilo linaniuma kuliko ng'ombe.

Bujiku

*

Mlandege
5 Januari 1975

Shemeji yangu Bujiku,

Marcelino alikuja. Nikupe habari taratibu, maana nimezifurahia na nataka nizirudie.

Alikuja na mkokoteni, mpumbavu kabisa yule, tena amekodi na mtu wa kuusukuma. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Mama Samli hana tena samli. Nilimtengea ugali na mboga za majani, kuku hakuna. Nikamweleza yote. Ng'ombe wamekufa, samli ilikuwa jasho la shemeji yangu, nimelikataa. Akasema pole sana, akainuka kushika godoro langu.

Nikamwambia kaka, weka godoro chini, sijakuomba unga.

Sasa na mimi nina la kukuambia, na wewe ukitaka kukasirika zamu ni yako. Tangu ulipoanza kuniletea samli nimekuwa nikila nusu. Nusu nyingine niliipeleka Mafinga kwa rafiki yangu Roza, kwenye kikundi cha wapasua mbao. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utasema siwaamini ng'ombe wa Nkuba. Na kweli sikuwaamini. Sikujua nilikuwa nafanya alichofanya yeye, naweka hapa kidogo na kule kidogo. Mbao hazilipi sana. Mwaka wa kwanza walinipa pesa ya kununua kanga. Lakini vijiji vipya vyote vinajengwa, kila shule inataka milango na madawati, na Desemba gawio lilikuwa zuri. Kwa lile la katikati ya mwaka nilikuwa nimeezeka chumba cha uani, na sasa anakaa Yudith, muuguzi wa hospitali, mtoto mtulivu, ananilipa kila mwezi na ananikanda magoti.

Kodi ya Yudith ni unga na mafuta ya taa. Gawio ni vitu vingine vyote. Si vingi. Jina la Mama Samli limekufa na sitakula kuku mpaka Pasaka. Nilimwekea Marcelino vyote mezani, nikamwambia hiki kinatoka chumba kile pale, nenda umsalimie Yudith. Na hiki kinatoka shimo la mbao Mafinga, panda lori ukalione. Aliangalia muda mrefu. Kisha akaenda kumlipa mtu wa mkokoteni, na alimlipa safari nzima ingawa alirudi mtupu. Nyumba ni yangu, shemeji.

Umesema uliwakusanya kwa tamaa. Nani alikuandikia, hawawezi kutoa zaidi? Barua ile unayo, isome. Mimi niliomba, wewe ukanipa. Sitakuacha ulibebe peke yako, usinifanye mtoto.

Sasa basi. Gawio la Desemba nilikuwa nimelipangia bati za nyumba kubwa. Bati zitangoja, ndoo za kukingia paa linapovuja ninazo. Pesa nimempa Jailos ampelekee Limbu, ndiyo, Limbu, naye amekubali kuninunulia mnadani mitamba wawili wenye mimba. Mmoja atakaa kwake. Mwingine Limbu atamleta kwako kwa mkono wake mwenyewe, na utampokea, utamkaribisha, Ng'washi atampikia.

Sikupi zawadi, kwa hiyo usianze. Mimi ni mwenye ng'ombe na natafuta mtu wa kunitunzia. Maziwa ni yako, samli unanipa kidogo, ndama ni wangu. Akifa, uniletee ngozi, uilete wewe mwenyewe mpaka Mlandege, na hata nikikukasirikia utakula ndiyo uondoke.

Ngozi ya mwenzangu nailalia. Magoti yamepungua kuuma.

Kalista

*

Igawa
11 Mei 1975

Shemeji,

Nilikaa siku nyingi sijui niandike nini. Ng'washi amesema nisipoandika ataandika yeye, na sasa anaandika haraka kuliko mimi.

Limbu alikuja na mtamba. Alisimama mlangoni, mimi nikasimama ndani. Ng'washi akamwambia aingie, asisimame nje kama mtoza kodi. Alikaa mpaka jioni. Tulizungumza habari za nyasi tu. Alipoondoka alisema zizi langu liangaliwe mlango, umelegea. Kesho yake alirudi na nyundo.

Kibarua nimeacha. Mifereji waichimbe wenyewe.

Wa kwangu alizaa mwezi wa tatu. Dume. Safari hii uje umwone, sitaki uniamini. Wa kwa Limbu bado.

Jailos anakuletea chupa ya samli. Haijajaa, imefika nusu. Usimlaumu Jailos, hakunywa njiani. Ng'ombe ni mmoja, ndiyo mara yake ya kwanza kuzaa, na ndama nimemwachia anyonye kwanza. Ndicho alichotoa. Ng'washi alitaka kuongezea ya jirani ili chupa ijae, tusione aibu. Nikamkatalia.

Mwezi wa kumi usingoje kitu. Ukiletewa, uliza kimetoka wapi.

Mtunzaji wako,
Bujiku